Japani: Segonde Chache Mbele ya Tetemeko

Watu wengine wanafikiri ya kwamba Wajapani wanajua siku tetemeko la inchi litakapokuja. Hapana. Siku hiyo haijulikani na mtu, hata katika visiwa vile vinavyotikisika mara nyingi. Basi, mashini zao zinalinda nini?

Tuelewe vizuri. Mwamba ukivunjika chini ya inchi, mawimbi mawili yanatoka pamoja. La kwanza linakimbia kilometa 6 hivi kwa segonde moja, lakini nguvu yake ni ndogo. La pili linakwenda kilometa 3 na nusu, nalo ndilo linalobomoa nyumba. Mashini ikisikia la kwanza, inapeleka habari kwa umeme, na umeme unayapita yote mawili kwa mbio. Tangu mwaka 2007 ilani hiyo inapewa watu wote. Tarehe 11 Machi 2011 wenyeji wa Sendai waliipata segonde kama 15 mbele ya wimbi baya.

Segonde 15 zina faida gani? Tukumbuke tarehe 1 Septemba 1923: akina mama wa Tokyo na Yokohama walikuwa wakipika chakula cha saa sita. Watu zaidi ya 100,000 walikufa, wengi kwa moto. Kuzima jiko hakutaki muda mrefu.

Lakini anayekaa juu kabisa ya mwamba unaovunjika, mawimbi yote mawili yanamfikia karibu pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Kobe mwaka 1995, alfajiri, watu wangali wamelala. Huyo ilani haimfikii kwa wakati. Anategemea nguzo za nyumba yake.