Vijisanamu kabatini vyaongezeka, macho nayo yapungua

Hebu piga hesabu hii, msomaji. Mzee ana vijisanamu 600 ambavyo havijapakwa rangi. Kila kimoja hakizidi sentimita tatu kwa urefu, na chahitaji takriban saa tatu za brashi: rangi ya msingi, koti, kofia, mshipi, viatu, kisha uso na, akiwa na subira, hata mboni za macho. Hizo ni saa 1,800. Mzee wetu huketi mezani jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila jioni. Kwa mwendo huo atamaliza baada ya wiki 450, yaani karibu miaka tisa. Ikiwa leo ana umri wa miaka 67, atakipaka cha mwisho akikaribia 76.

Lakini hata hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu kila mwezi mzee hununua vingine kumi. Vijisanamu 120 vya mwaka vyadai saa 360, naye kwa mwaka mzima ana saa 208 tu za kuketi na brashi. Rundo lake basi halitaisha kamwe. Litakua mpaka siku atakayoaga dunia, na mjane wake aachwe akijiuliza masanduku yale yote ni ya nini.

Bila shaka utauliza ukurasa wa afya una shughuli gani na wanasesere wa wazee. Vumilia kidogo.

Nchini Uingereza mchezo huu una historia ndefu na heshima yake. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilibuni namna ya kusubu askari wa risasi walio na uwazi ndani, wakawa wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha kanuni za kuwapiganisha askari hao sakafuni. Kuanzia mwaka 1959 kampuni ya Airfix ilianza kuuza askari wadogo wa plastiki, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ikaleta mchezo wa Warhammer wenye majitu na mazimwi. Mvulana aliyekuwa na miaka 12 wakati huo sasa amepita hamsini, ana mshahara au pensheni, na duka ambalo zamani alilitazama kupitia kioo sasa anaingia na kutoka na mfuko uliojaa.

Wenyewe wana utani wao. Rundo la visivyopakwa rangi huliita rundo la aibu, au mlima wa risasi, kwa kuwa vijisanamu vya zamani vilisubiwa kwa madini hayo. (Kiswahili chetu kimewazidi hapa: risasi ni madini, na risasi ni ile itokayo kwenye bunduki.)

Nilipokuwa nikisoma huko kwa mwaka mmoja, mwenye nyumba niliyopanga, fundi wa reli aliyestaafu, alinifungulia chumba cha nyuma kunionyesha jeshi lake. Masanduku yalifika darini. Alijua kila sanduku alilinunua wapi, mwaka gani, na mvua ilikuwa ikinyesha au la. Vilivyokwisha kupakwa rangi vilienea kwenye rafu moja tu. Nilipomuuliza lini alishika brashi mara ya mwisho, alinyamaza, kisha akasema tatizo ni taa ya chumba kile. Taa haikuwa na kasoro yoyote.

Mimi leo nimo katika miaka ya arobaini na nasogeza gazeti mbali kidogo ili kulisoma, kwa hiyo namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa siku ile.

<b>Macho na mikono</b>

Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hujibana na kujinyoosha ili tuone karibu na mbali. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia takriban miaka 40 maandishi madogo huanza kufifia, na hali hiyo huendelea hadi kwenye miaka ya sitini. Si ugonjwa, wala hakuna aliyerogwa. Zaidi ya hayo, mboni ya mzee hufunguka kidogo na lenzi huwa ya manjano, kiasi kwamba inakadiriwa jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake takriban theluthi moja tu ya nuru ambayo lingepokea la kijana wa miaka 20. Taa iliyomtosha fundi wa reli akiwa kijana haikuweza kumtosha akiwa mzee, na hapo alikuwa na ukweli wake.

Dawa ya jambo hili ni rahisi, na hunisikitisha kuona watu wazima wakiacha kazi wanayoipenda kwa kukosa miwani ya kusomea. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Uzalishaji wa waliopewa miwani ya kuona karibu uliongezeka kuliko wa wenzao kwa asilimia 21.7. Kama majani ya chai yanahitaji miwani, seuze kope za kijisanamu! Miwani ya kuuzwa kando ya barabara yaweza kukusaidia kusoma, lakini haitakupima. Glakoma haiumi wala haitoi ishara mapema, mtoto wa jicho huja polepole, na kisukari huharibu jicho kwa ndani huku ukidhani ni uzee tu. Ukipita miaka 40, pimwa kwanza, kisha nunua miwani, taa kali ya mezani iangazayo kutoka kando, na kioo cha kukuzia kinachosimama chenyewe.

Mikono ni habari nyingine. Mtetemeko mdogo sana kila mtu anao, na kahawa, ukosefu wa usingizi, wasiwasi, dawa ya pumu aina ya salbutamoli na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huuzidisha. Upo pia mtetemeko ambao mara nyingi hurithiwa, unaoonekana mkono unapofanya kazi: kushika kikombe, kutia sahihi, kuelekeza brashi. Huu wasumbua lakini hautishi maisha, na zipo dawa za kuupunguza. Mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817, ni wa namna tofauti. Aghalabu huanza upande mmoja, na huonekana zaidi mkono ukiwa umelala pajani bila kazi. Mwandiko nao huwa mdogo, hatua huwa fupi, uso hukosa bashasha. Ukiona hivyo usingoje, nenda hospitali.

Maumivu kwenye mzizi wa kidole gumba huwapata wengi waliotumia mikono kwa miaka mingi. Kifungie brashi kitambaa au sponji ili mpini wake uwe mnene. Baada ya kila nusu saa simama, nyoosha shingo, utazame mbali dirishani.

<b>Kwa nini tunanunua tusivyovitumia</b>

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu hata sisi ambao hatujawahi kukiona kijisanamu. Fungua kabati lako. Huenda mna vitambaa ulivyonunua Biashara Street ukakusudia kuvishona, nyuzi za kufuma za wajukuu ambao sasa wako sekondari, vitabu vyenye nailoni yake bado, au jiko la kuokea mikate ambalo halijawahi kuwashwa.

Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walichunguza bongo za nyani waliofunzwa kungoja zawadi ya kinywaji. Walikuta kwamba nyani akishazoea, seli zinazotoa kemikali ya dopamini hustuka pale ishara ya zawadi inapoonekana, kabla zawadi yenyewe haijafika. Kwa maneno mengine, utamu mwingi uko katika kutarajia. Anayenunua sanduku la askari hununua jioni tulivu atakazozitumia kuwapaka rangi. Sanduku analipata siku hiyo hiyo. Jioni hazipatikani, na kila mwaka huzidi kuwa chache.

Kwa mtu aliyestaafu, au aliyefiwa na mkewe, rundo laweza pia kuwa ahadi kwamba kesho ipo. Sioni ubaya wowote hapo, na daktari anayemcheka mzee kwa sababu hiyo hajui kazi yake. Ubaya huanza pale rundo linapogeuka deni. Mtu anayeketi mbele yake akijiona mvivu, akainuka bila kugusa brashi, kisha akaenda kununua kingine ili ajiliwaze, amegeuza burudani kuwa adhabu. Kiswahili tunachofundishwa shuleni huita uraibu kile ambacho mtu hupenda kukifanya akiwa hana kazi, na neno hilo hilo twalitumia kwa ulevi usioachika.

Je, ni ugonjwa? Mara nyingi sivyo. Mkusanyaji wa kawaida hupanga vitu vyake, huvijua na huvionea fahari. Ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake katika mwongozo wao wa mwaka 2013 na Shirika la Afya Duniani katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, ni hali ya kushindwa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, hata vyumba visitumike tena. Kitanda hakilaliki, jikoni hakupikiki, njia ya kutokea moto ukizuka imezibwa. Mwongozo huo wakadiria kwamba huwapata asilimia 2 hadi 6 ya watu Marekani na Ulaya, na dalili zake huongezeka na umri.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana haya ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mzee ambaye maisha yake yote alikuwa mwangalifu wa fedha, kisha ghafla akaanza kununua bila kipimo, asichukuliwe kuwa amepata burudani mpya. Uliza anameza dawa gani. Baadhi ya dawa za Parkinson, hasa zile za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, huweza kumtia mtu hamu asiyoweza kuizuia ya kununua, kucheza kamari, kula au kufanya ngono. Wagonjwa huona haya kusema, na familia hudhani ni tabia mbovu. Daktari akiambiwa, aweza kubadili dawa au kipimo chake, na mara nyingi hamu ile hupungua. Mgonjwa asiziache ghafla kwa hiari yake, kwani hilo nalo lina hatari. Pia kuna aina ya ugonjwa wa akili wa uzeeni ambao huanzia sehemu ya mbele ya ubongo. Kumbukumbu hubaki nzuri mwanzoni, lakini busara, haya na huruma hupotea, na kulimbikiza vitu huweza kuwa dalili ya mapema.

Tangu mkataba wa mwaka 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya, wauguzi wetu wamekuwa wakienda kufanya kazi huko, na familia nyingi tayari zilikuwa na dada au binamu anayewatunza wazee wa Kizungu. Ukiwa na ndugu kama huyo, msomee makala haya. Ndiye atakayeona masanduku yakiongezeka mlangoni kabla ya watoto wa mzee kujua. Asiyatupe. Kumwondolea mzee vitu vyake kwa siri humvunja moyo, wala hakuponyi kitu.

Kwa aliye mzima na aliyezidiwa tu na rundo, ushauri wangu ni wa kihasibu. Chagua 20 unavyovipenda hasa, uviweke mezani, vingine vyote uvifungie chumba kingine. Usinunue kimoja kabla ya kumaliza viwili. Kijisanamu kilichopakwa rangi tatu na kukamilika kinakufaa kuliko kile unachokiwazia rangi kumi na tano. Rangi za kupuliza zitumie nje au madirisha yakiwa wazi, hasa ukiwa na pumu. Vile ambavyo moyo wako tayari unajua hutavigusa, uza, au mpe kijana mwenye macho makali na mfuko mtupu.

Vya risasi vyahitaji uangalifu wa pekee. Kuvishika hakuna hatari kubwa ukinawa mikono kabla ya kula, lakini kuvipiga tupa au kuyeyusha risasi jikoni ni kujitafutia sumu. Ukiona unga mweupe juu ya askari wa zamani, hasa aliyewekwa kwenye kabati la mti wa mwaloni, usiupulize: ni risasi iliyooza, na vumbi lake ni sumu. Wajukuu wasivitie mdomoni, kwa kuwa ubongo wa mtoto huumizwa na kiasi kidogo sana. Kisha chukua kalamu ya wino mzito na uandike juu ya kila sanduku mambo matatu: ndani mna nini, ni plastiki au ni risasi, na likibaki bila mwenyewe apewe nani.