Mchagua Pasi Ndiye Fundi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa shamba, nakubali. Lakini, ndugu msomaji, ukiketi kitambo kibandani kwa fundi wa simu huko Makina, Kibera, au karibu na kituo cha 46, Kawangware, utaona kuwa methali hiyo ina mpaka wake.

Aghalabu fundi huanza na pasi ya kulehemu ya bei ndogo, isiyo na kidhibiti: huchomekwa ukutani, ikapata moto, ikabaki hivyo kutwa. Kwa redio za zamani ilitosha. Lehemu ya bati na risasi, sehemu 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Lakini tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo hivi, viwanda vingi vilihamia lehemu ya bati, fedha na shaba, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 217.

Basi fundi hudhani dawa ni moto mkali zaidi, na hapo ndipo simu za watu zinapoungua. Bamba la simu lina tabaka za shaba zinazofyonza joto. Pasi dhaifu ikiligusa, ncha hupoa. Fundi hungoja, hukandamiza, na njia nyembamba ya shaba hubanduka. Pasi njema ni ile irudishayo upesi joto lililofyonzwa, ikamaliza kazi kwa sekunde mbili tatu, ikaondoka.

Anayenunua na atazame mambo matatu. Kwanza, kidhibiti cha joto. Pili, ncha zinazobadilishwa na zinazopatikana madukani. Ncha bapa kama patasi hupeleka joto vizuri kuliko iliyochongoka kama sindano. Wala asiipige tupa: ngozi yake ya chuma ikitoka, shaba ya ndani huliwa na lehemu. Tatu, plagi ya miguu mitatu, maana umeme unaovuja hadi kwenye ncha huweza kuua vipande vidogo kimyakimya. Lakini matundu matatu ukutani si hoja, iwapo nyuma yake hapana waya uliofika ardhini. Na katika vibanda vya umeme wa kuungaunga, hilo ndilo la kuchunguza kwanza.

Simu iliyo mezani kwa fundi ni amana. Huenda mna picha ya marehemu isiyo na nakala. Mkulima, jembe lake likiwa butu, jasho ni lake mwenyewe. Pasi mbovu humtoza aliyeleta simu.