Kampuni ya kujenga na hesabu ya moshi wake

Pengine tunafikiri kwamba kampuni ya kujenga inachafua hewa kwa mashini na makamyo yake tu. Sivyo. Tutazame Skanska, kampuni kubwa ya Uswidi, iliyoanza mwaka 1887 kwa kutengeneza vitu vya sima.

Skanska iliahidi mambo mawili. La kwanza: kufika mwaka 2030, kupunguza hewa ya kaboni ya kazi zake yenyewe kwa sehemu 70 katika 100, kupita ilivyokuwa mwaka 2015. La pili: kufika mwaka 2045, kaboni yote, hata ile ya vitu inavyonunua, isizidi ile inayoondolewa hewani.

Ahadi ya pili ndiyo nzito. Sima inapatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa moto wa digri 1,450 hivi. Mashini tunaweza kuibadilishia mafuta. Lakini jiwe la chokaa likichomwa, hata kwa moto safi, linatoa kaboni iliyo ndani yake. Kwa hiyo wajenzi hutia sima kidogo zaidi, ao huichanganya na masazo ya tanuru za chuma.

Basi, tukisikia ahadi ya namna hii, tuulize kwanza: ni hesabu ya mashini tu, ao ya sima na chuma pia?