Matunzo ya wagonjwa wa tezi mwambao wa Ziwa Tanganyika: muuguzi hufundisha, mgonjwa huendeleza

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mgonjwa wa malaria hulazwa, hupewa dawa, hupona na kurejea katika shughuli zake. Mgonjwa ambaye tezi yake imeshindwa kufanya kazi ipasavyo huruhusiwa kutoka hospitalini akiwa amepata nafuu, lakini mara nyingi tiba yake huendelea kila siku kwa maisha yote. Akiwa nyumbani, yeye na familia yake ndio hupima, huchoma sindano, humeza vidonge na kutambua dalili za hatari.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya muuguzi ni kufundisha. Mafunzo hayo yana uzito wa pekee katika vijiji vya mwambao kama Kagunga upande wa kaskazini na Kalya upande wa kusini, ambako usafiri wa boti ungali tegemeo la wengi. Mgonjwa asiyejua la kufanya katika nusu saa ya kwanza anaweza kupoteza maisha kabla hajafikishwa kwenye kituo cha kutolea huduma za afya.

Tezi na homoni

Baadhi ya tezi za mwili hutengeneza homoni, yaani vichocheo vinavyoingia moja kwa moja kwenye damu na kuongoza kazi za viungo vingine. Kongosho hutoa insulini, ambayo huwezesha sukari kuingia kwenye chembe hai. Tezi ya shingo huongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Tezi zilizo juu ya figo, ziitwazo adrenali, husaidia mwili kuhimili maradhi na mshtuko.

Homoni ikipungua au kuzidi, mwili wote huathirika. Kisukari ndicho kinachojulikana zaidi miongoni mwa magonjwa haya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mwaka 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, ambao kisukari ni sehemu yake.

Giza na mbalamwezi

Insulini iligunduliwa mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, na mgonjwa wa kwanza alichomwa mwezi Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu. Hata hivyo, dawa hiyo hufanya kazi vizuri pale tu dozi inapokwenda sambamba na chakula na kazi ya mgonjwa.

Hapo ndipo muuguzi wa Kigoma anapopaswa kuyafahamu maisha ya ziwa. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni wakati wa giza, huvuta nyavu usiku kucha kwa mwanga wa taa na kurejea mwaloni asubuhi. Mbalamwezi inapong'aa, wengi hupumzika. Hivyo, katika mwezi mmoja mtu huyohuyo huwa na siku za kazi nzito ya usiku na siku za mapumziko.

Kazi nzito hutumia sukari nyingi. Mvuvi akichoma insulini ya jioni kwa dozi ya siku za mapumziko, kisha akavuta nyavu hadi alfajiri bila kula, sukari yake inaweza kushuka akiwa katikati ya maji. Vidonge vya glibenklamaidi navyo vinaweza kusababisha hali hiyo. Kwa hiyo, swali la muuguzi lisiishie kwenye "unakula nini?" Aulize pia: "Unafanya kazi saa ngapi, na mwezi ukiwa mbalamwezi unafanya nini?" Majibu hayo yatamwezesha daktari kupanga dozi za siku za kazi na za siku za mapumziko. Mgonjwa naye asibadilishe dozi kwa kukisia.

Sukari ikishuka, sukari ikipanda

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na maneno kukokota. Mtu wa namna hiyo huweza kudhaniwa amelewa, akaachwa alale, na kumbe uhai wake umo hatarini.

Kipimo kikionesha chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au dalili zikionekana na kipimo hakipo, mgonjwa apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Asipopata nafuu, apewe tena kiasi hichohicho. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani: alazwe ubavu na kuwahishwa kituoni. Mvuvi mwenye kisukari abebe sukari ndani ya mfuko usioingiza maji, na angalau mwenzake mmoja katika boti ajue ugonjwa wake.

Kinyume chake, sukari inayopanda sana huleta kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Hali hii huwapata zaidi wagonjwa wanaoacha insulini, wakiwamo wanaoiacha kwa sababu wanaumwa na hawana hamu ya kula. Kuumwa si sababu ya kuacha insulini. Ni sababu ya kupima mara kwa mara na kwenda kituoni mapema. Mgonjwa wa namna hiyo anapolazwa, muuguzi hufuatilia sukari yake kila saa, huandika maji yanayoingia na mkojo unaotoka, na humwangalia kwa karibu kupumua na fahamu zake.

Insulini mahali pasipo na jokofu

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na kamwe isigande. Iliyokwisha kufunguliwa hutumika kwa takribani wiki nne ikiwa itakaa mahali penye ubaridi pasipo na jua. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kutumia vyungu viwili vya udongo: kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga uliolowanishwa katikati yake. Maji yanapokauka hupoza chungu cha ndani. Insulini ifungwe vizuri kwenye mfuko mkavu kabla ya kuwekwa humo.

Muuguzi amtazame mgonjwa akivuta dawa na kujichoma mwenyewe kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Ahakikishe vipimo vya bomba la sindano vinalingana na nguvu ya insulini iliyo kwenye chupa, na amfundishe kubadilisha mahali pa kuchoma kati ya tumbo na mapaja.

Miguu ya mvuvi

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu anayekanyaga mawe, ndoana na misumari ya boti bila viatu anaweza kuumia asihisi, na kidonda kidogo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Mgonjwa aoshe miguu kila siku, akaushe vizuri katikati ya vidole na kuikagua hadi nyayoni. Asiyeweza kujikagua asaidiwe na mwanafamilia. Avae viatu hata akiwa majini, na asiote moto kwa miguu iliyokufa ganzi. Kidonda chochote, hata kisichouma, kioneshwe kituoni mara moja.

Tezi ya shingo na chumvi ya Uvinza

Tezi ya shingo huhitaji madini joto ili itengeneze homoni. Yakikosekana, tezi huvimba na kuwa rovu, ambalo wengi huliita goita. Upungufu kwa mama mjamzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha mikrogramu 250.

Mkoa wa Kigoma una historia ndefu ya chumvi. Chemchemi za Uvinza zimetumika kwa zaidi ya miaka elfu moja, na katika karne ya 19 chumvi yake ilikuwa bidhaa muhimu katika biashara ya misafara iliyopita Ujiji. Hata hivyo, chumvi hugeuka kinga ya rovu pale tu inapoongezwa madini joto, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kuongeza madini hayo ni takwa la kisheria nchini.

Samaki wa ziwani huwa na madini joto kidogo kuliko wa baharini, hivyo mlo wa dagaa na migebuka hauondoi haja ya chumvi hiyo. Muhogo usioandaliwa vizuri nao huongeza tatizo pale madini joto yanapopungua. Kuuloweka na kuukausha kikamilifu hupunguza sumu yake. Chumvi ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo huhitaji uangalizi wa karibu, hasa katika saa 24 za mwanzo. Muuguzi huinua upande wa kichwa cha kitanda, huangalia damu hata nyuma ya shingo, na humwita daktari mara aonapo shida ya kupumua, shingo kuvimba, au ganzi na mkazo wa misuli ya mikono na midomo, dalili ya kalsiamu kushuka.

Dawa zisizokatishwa ghafla

Aliyeandikiwa vidonge vya homoni ya tezi ya shingo avimeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Vilevile, aliyetumia prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwa kuwa tezi za adrenali huwa zimelala na huhitaji muda kurejea kazini. Dawa hiyo isinunuliwe dukani bila cheti cha daktari.

Wananchi wenye kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, uvimbe shingoni au uchovu wa muda mrefu wanashauriwa kupima mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watakaohitaji uchunguzi zaidi huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni. Kila anayehudhuria kliniki afike na dawa zake zote, daftari la vipimo na, inapowezekana, ndugu anayeishi naye, kwa kuwa ndugu huyo ndiye atakayekuwapo sukari itakaposhuka usiku.