Mapambo, Ndewe na Chale: Ufafanuzi wa Kanuni za Mwonekano wa Askari katika Muktadha wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kanuni zinazozuia mapambo na kutogwa kwa mwili kwa askari aliyevaa sare, yakirejelea wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Hoja kuu ni kwamba sababu za kanuni hizo zinahusu kitu kinachovaliwa na kuvuliwa, na hazina uzito uleule kwa alama iliyokwisha kuwa sehemu ya mwili. Lugha ya kanuni isipotenganisha mambo hayo, kijana aliyechanjwa chale utotoni huweza kuwekwa kundi moja na mtu mzima aliyejichora kwa hiari.

1.0 Utangulizi

Vijana wa Mbulu na Hanang hukutana na sare kwa njia kadhaa. Wapo wanaojiunga na mafunzo ya Jeshi la Akiba, maarufu kama mgambo, yanayoendeshwa katika ngazi ya wilaya. Wapo wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wapo wanaoomba ajira katika majeshi. Kisheria, Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192; JKT huongozwa na Sura ya 193, na majeshi ya akiba na Sura ya 194. Uchambuzi huu umejikita katika matini: sheria, matangazo ya ajira na maandishi ya kiethnografia.

2.0 Sababu za Kanuni

Sababu ya kwanza ni usalama. Pete ikinaswa na chuma kinachosogea huweza kung'oa ngozi na nyama ya kidole. Herini huchana sikio. Mkufu hukaba shingo. Madini hupitisha umeme na joto, hung'aa juani na hulia usiku. Hatari hizi haziishii vitani. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh tarehe 3 Desemba 2023, askari walishiriki uokoaji katikati ya tope, magogo na mabaki ya majengo. Katika kazi ya namna hiyo, mkono usio na bangili wala pete ndio mkono salama.

Sababu ya pili ni usawa. JKT lilianzishwa mwaka 1963 kwa lengo, pamoja na mengine, la kuwakutanisha vijana wa makabila na matabaka mbalimbali. Orodha ya vifaa ambavyo wahitimu huelekezwa kwenda navyo kambini hutaja hata rangi na urefu wa bukta. Shabaha ni kwamba anayetazama gwaride asitambue nani ametoka wapi wala nani ana mali.

Sababu ya tatu ni mamlaka. Sare haikosi mapambo: ina beji, alama za cheo, nishani na medali. Kwa hiyo kanuni haikatazi pambo kwa ujumla wake. Inachofanya ni kuhamisha haki ya kupamba kutoka kwa mtu binafsi, familia na ukoo, na kuikabidhi kwa dola. Sababu hii ndiyo inayogusa zaidi jamii zinazozungumziwa hapa.

3.0 Pambo kama Taarifa

Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu, na zote mbili zimo katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002. Wakazi wake ni pamoja na Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na Wadatooga, hasa kundi la Wabarbaig. Miongoni mwa Wadatooga, bangili na mizingo ya shaba, sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, masikio yaliyotogwa na chale zinazozunguka macho si urembo tu. Humweleza mtazamaji jinsia, hadhi na jamii ya mhusika.

Aidha, pambo liliwahi kuwa heshima ya kishujaa. Kwa mujibu wa George Klima, katika kitabu chake kuhusu Wabarbaig kilichochapishwa mwaka 1970, mwanamume aliyemuua adui wa jamii, akiwemo mnyama hatari kama simba, alitunzwa kwa namna iliyofanana na ya mwanamke aliyejifungua: alipewa zawadi za ng'ombe na kuvishwa mapambo ya kike. Ilikuwa nishani kabla ya nishani za serikali. Kijana wa jamii hii anapoambiwa avue pambo, hatoki palipo na ushamba na kuingia palipo na nidhamu. Anatoka katika utaratibu mmoja wa heshima na kuingia katika mwingine.

4.0 Kinachovuliwa na Kisichovuliwa

Kiswahili kina msamiati unaotosha kutenganisha mambo matatu. Pambo, kama vile herini, kipini, kikuku au ushanga, huvuliwa. Ndewe, yaani tundu la sikio lililotogwa, hubaki hata herini ikiondolewa. Chale ni kovu la kudumu.

Sababu zote tatu hulihusu pambo moja kwa moja. Ndewe ndogo isiyo na kitu haileti hatari yoyote, ingawa ndewe iliyopanuliwa huweza kunaswa na ukanda wa kofia ya chuma, hivyo inastahili kupimwa kwa kigezo cha usalama. Chale hainaswi, haing'ai wala hailii. Kinachobaki dhidi yake ni hoja ya usawa, na hoja hiyo hudhoofika kwa kuwa aliyechanjwa utotoni hakushauriwa.

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamemtaka mwombaji asiwe na alama yoyote ya michoro mwilini. Tatuu ndiyo inayokusudiwa. Hata hivyo, maneno "alama yoyote" yakitengwa na neno "michoro", msaili asiyeijua Hanang anaweza kuyapanua hadi kwenye chale za uso. Gharama ya tafsiri hiyo ingelipwa na kijana mwenyewe, kwa kupoteza nafasi ya ajira.

5.0 Mifano Linganishi

Majeshi mengine yameonesha kuwa kanuni huweza kuweka mipaka bila kufunga mlango. Jeshi la nchi kavu la Marekani, katika mabadiliko ya mwaka 2021, liliwaruhusu wanawake kuvaa herini ndogo za kubana sikio hata wakiwa na kombati, isipokuwa katika mazingira kama ya mapigano. Jeshi la Uingereza huwaruhusu Masikh kuvaa kara, bangili ya chuma ya dini yao. Katika mifano yote miwili, ruhusa imetamkwa waziwazi na usalama umepewa kipaumbele.

6.0 Hitimisho

Kuvua pambo wakati wa sare ni sharti lenye sababu za kutosha, na utamaduni hauwi kinga dhidi yake. Sharti hilo lisihamishiwe kwenye ngozi. Inapendekezwa kwamba matangazo ya ajira na miongozo ya usaili itaje pambo, ndewe na chale kwa majina yake, na ieleze bayana kuwa chale za jadi zilizochanjwa utotoni hazimwondolei mwombaji sifa. Sentensi moja ya namna hiyo ingemwezesha kijana wa Mbulu au Hanang kupimwa kwa afya, elimu na mwenendo wake, kama ilivyokusudiwa.