«GUARD»: Mlinzi Ni Nani, na Anamlinda Nani?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo tunazungumza juu ya neno moja dogo la Kiingereza. Limeandikwa kwenye mashine nyingi zinazotoka ng'ambo: mashine ya kuponda mawe, pampu, jenereta, mkanda wa kubeba mchanga. Mara nyingi liko kwenye kibati cha manjano, karibu na picha ya mkono unaokatwa vidole. Neno lenyewe ni «guard».

Sisi wa Kongo tumefundishwa Kifaransa shuleni. Kiingereza wengi wetu tunakijua kwa kusikia tu. Aliyelisikia neno hili katika sinema atasema: «Guard ni sentineli, ni zamu anayechunga mlango.» Hakukosea. Lakini kibati kinasema mashine isiwashwe bila «guard». Je, kinataka tumwite sentineli asimame kando ya mashine na rungu lake? Hapana. Hapo neno lina maana ya pili, na asiyeijua anaweza kuilipa kwa mkono wake.

NENO MOJA, KAZI MBILI

«Guard» la Waingereza na «garde» la Wafaransa ni ndugu wa ukoo mmoja. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa katika lugha za kale za upande wa Ujerumani. Maana yake tangu zamani ni kuangalia na kutunza. Mtu anayeangalia hatari ni «guard». Kitu kinachozuia hatari pia ni «guard». Kiswahili chetu kinawatenga: mtu tunamwita mlinzi, kitu tunakiita kinga.

Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huita bati lililo juu ya gurudumu la baisikeli madigadi. Ni neno hilo hilo la Kiingereza lililovaa nguo ya Kiswahili: kinga ya tope. Hakuna askari hapo. Kuna bati tu, na bati hilo linafanya kazi yake usiku na mchana bila kulala.

KINGA: MLINZI ASIYELALA

Tuanze na jambo ambalo kila nyumba ya Ubundu na Kisangani inalijua. Mama amepanda toleka, amekaa upande, mtoto mgongoni. Ncha ya kikwembe chake inaning'inia karibu na mnyororo. Baisikeli yenye bati la kufunika mnyororo itamfikisha salama. Lakini mwenye baisikeli alilitoa bati hilo mwezi uliopita kwa sababu lilikuwa likipiga kelele. Mnyororo unashika kikwembe, unakivuta, na mama na mtoto wanaanguka barabarani. Mnyororo haujui kama kinachoingia ni kitambaa au ngozi.

Sasa fikiri juu ya mashine ya mgodi. Mnyororo wa baisikeli husimama miguu ikisimama. Mashine haisimami kwa kilio cha mtu. Mkanda unapopita juu ya gurudumu lake, mahali wanapokutana ni kama mdomo. Mdomo huo ukikamata mkono wa shati, unaingiza mkono wote kabla mtu hajapata nafasi ya kuuvuta. Nguvu ya mtu haishindani na nguvu ya motori.

Kwa nini basi watu huondoa kinga? Sababu tunazijua sote. Wanataka kutia mafuta upesi. Jiwe limekwama. Kinga inatikisika na kelele zake zinaudhi. Wanaifungua «kwa dakika moja», halafu inawekwa pembeni. Kesho hakuna anayekumbuka iko wapi, na kesho kutwa utaikuta inafunika pipa la maji. Dakika moja imekuwa mwaka.

Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 119, unaohusu hasa kinga za mashine. Unasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake hazipo mahali pake, na pia asilazimishwe kuitumia. Tena unasema asiifanye kinga ishindwe kazi yake. Angalia vizuri, ndugu: sheria hiyo ina pande mbili. Mkubwa wa kazi hana ruhusa ya kukuambia «fanya hivyo hivyo bila kinga». Na wewe huna ruhusa ya kuitoa kwa sababu unaona imekuchosha.

MLINZI: MTU ALIYE MACHO

Turudi kwa mlinzi aliye mtu. Majina yake ni mengi, na kila jina linafundisha. Bawabu linatoka katika Kiarabu, ni mtu wa mlangoni. Askari nalo limetoka katika neno la Kiarabu la jeshi. Waingereza wana «watchman», na sehemu ya kwanza ya neno hilo ni ndugu wa neno lao la kuwa macho. Mlinzi aliyelala, basi, kwa lugha yao hana hata jina. Askari anayesimama mahali alipowekwa wanamwita «sentry».

Lakini neno letu la mashariki ya Kongo linashinda yote: zamu. Kwa Waswahili wengine zamu ni wakati wa mtu kufanya kazi, akimaliza anafuata mwingine. Sisi tumempa mtu mwenyewe jina hilo. Ndiyo kusema, mlinzi ni zamu yake. Hawezi kuondoka kabla zamu nyingine haijafika, kwa sababu akiondoka, mahali pale panabaki pakavu.

ANAMLINDA NANI?

Wazee wetu wengine hawalipendi neno sentineli, nao wana sababu. Wakati wa dola ya Mfalme Leopold II, kutoka 1885 mpaka 1908, watu wenye bunduki waliwekwa vijijini kusimamia kazi ya mpira. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri katika Kongo ya juu mwaka 1903, na ripoti yake ilitolewa 1904. Ndani yake watu hao wanaitwa kwa Kiingereza «sentries» na walinzi wa msitu. Lakini hawakulinda kijiji na hatari yoyote. Walilinda mpira. Mpira ukipungua, watu walikamatwa na kufungwa, walipigwa, hata waliuawa. Jina lilikuwa la mlinzi, na hatari ilikuwa mlinzi mwenyewe.

Kwa hiyo ukimwona mlinzi, uliza swali moja: anamlinda nani?

Hapa Ubundu tuna mfano mzuri wa mlinzi wa upande mwingine. Meli ikishuka Lualaba kutoka Kindu, mtu husimama mbele kabisa na fimbo ndefu. Anaitumbukiza majini, anapima kina, anapaza sauti. Nahodha anasikiliza na kugeuza usukani. Habishani naye, hamwambii «mimi ni mkubwa wako». Mchanga wa mto huhama, na aliyeko mbele ndiye anayejua. Chini ya Ubundu maporomoko ya Boyoma yanaanza, saba yote mpaka Kisangani. Ni kwa ajili ya maji hayo reli ya kilometa 125 ilijengwa na kufunguliwa 1906, wakati mji wetu ukiitwa Ponthierville. Mtu wa fimbo halindi mali peke yake. Analinda roho zote zilizo melini, na yake mwenyewe ikiwemo.

WALINZI WAWILI WA MGODI

Mgodini nako kuna walinzi wa namna mbili. Mmoja yuko langoni, anaangalia mifuko ya watu wasitoke na mali. Huyo analinda mali ya kompani. Wa pili anasimama njiani na bendera nyekundu na filimbi wakati wa kulipua baruti. Huyo anakulinda wewe.

Shida inazaliwa pale mfanyakazi anapowachanganya. Anamwona mwenye bendera, anadhani ni yule yule wa langoni, na moyo wake unapanda. «Unanizuia mimi? Nimefanya kazi hapa kabla yako!» Anapita kando, kwa njia ya mkato. Jiwe linalorushwa na baruti halijui nani alianza kazi mapema. Kwa kulipua, mlinzi huwekwa katika kila njia inayoingia mahali pale, hata ile nyembamba inayotumiwa na watoto na wauzaji wa mihogo. Njia moja isiyo na mlinzi ni kama hakuna mlinzi popote. Naye haondoki kwa kusikia mlio tu, maana huenda tundu moja halijalipuka. Anangoja aliyemweka amwondoe.

Mlinzi mwingine wa roho ni yule anayebaki mdomoni mwa shimo au tanki wakati mwenzake yuko ndani. Kazi yake inaonekana ya uvivu, kukaa tu na kamba. Lakini hewa ya shimoni inaweza kuua bila harufu wala rangi. Moshi wa motori una sumu ya namna hiyo, kaboni monoksaidi, na pampu yenye motori ikiwashwa ndani ya shimo inaujaza upesi. Huko Uingereza wachimba makaa ya mawe walitumia ndege mdogo, kanari, mpaka mwaka 1986. Ndege huyo huzidiwa na hewa mbaya kabla ya mtu. Akilegea, watu hutoka. Alikuwa mlinzi wao, mwenye mabawa.

Sasa sikieni jambo zito. Mwaka huo huo wa 1986 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilionya kwamba katika vifo vya sehemu zilizofungika kama matanki na mashimo, zaidi ya 60 kwa kila 100 ni vya watu walioingia kuokoa wenzao. Mtu wa kwanza anaanguka. Rafiki yake anaruka ndani kwa upendo, anaanguka. Ndugu wa tatu anafuata. Mlinzi wa shimo akiingia, ameacha zamu yake, na huko juu hakuna tena wa kuita msaada. Upendo wake uwe katika sauti yake na katika kamba yake.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ukiona neno «guard» kwenye mashine, tafuta kinga yake kwa macho. Kama haipo, usiwashe. Mwite mkubwa wa kazi.

2. Kabla ya kusafisha au kutia mafuta, zima mashine, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Ukimaliza, rudisha kinga kwanza, ndipo uwashe.

3. Usivae nguo inayoning'inia, mnyororo wa shingo wala skafu karibu na kitu kinachozunguka. Nyumbani vilevile: mama, kusanya kikwembe chako unapopanda toleka, na uangalie miguu ya mtoto isikaribie gurudumu.

4. Mwenye bendera nyekundu anasema mara moja tu. Mtii hata kama ni kijana wa jana. Siku ile yeye ndiye mtu wa fimbo mbele ya meli.

5. Ukiwekwa mlinzi, usilale, usinywe pombe, usiende «kunyoosha miguu». Ngoja aliyekuweka akuondoe.

6. Mtu asishuke shimoni bila mwenzake juu na bila kamba kiunoni. Motori ikae nje, moshi wake uende mbali na mdomo wa shimo. Mwenzako akianguka ndani, piga kelele, ita watu, vuta kamba. Usiingie.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Mama, watoto, ninyi pia mna kazi katika jambo hili. Baba akirudi jioni, msimuulize tu alileta nini. Muulizeni: «Leo nani alikuwa zamu yako?» Akijibu kwa jina la mtu, mshukuruni mtu huyo mkikutana naye sokoni au kanisani. Akisema hakukuwa na mtu, mwambieni kesho asishuke mpaka apatikane.

Mlinzi mzuri ni vigumu kumhesabia kazi yake, kwa sababu siku aliyoifanya vizuri hakuna kilichotokea. Hakuna damu, hakuna kilio, hakuna mchango wa msiba. Watu wanarudi nyumbani na kula ugali wao kama kawaida. Tusimdharau kwa hilo.

Kinga mahali pake, mlinzi kwenye zamu yake, na wewe mezani na watoto wako.