Pampu ya Mafuta au ya Sola? Piga Hesabu Kwanza

Ukisikia serikali fulani inapunguza hewa ya ukaa, usidhani ni mambo ya wakubwa mikutanoni tu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa hiyo. Nchi inayotaka kuipunguza ina njia kuu mbili: kupandisha bei ya mafuta kwa kodi, au kushusha bei ya mbadala kwa ruzuku.

Njia ya kodi: Kanada
Mwaka 2019 Kanada ilianza kutoza dola zake 20 kwa kila tani ya hewa ya ukaa, na kufikia 2024 ikawa dola 80. Dizeli ya trekta ilisamehewa, lakini gesi ya kukaushia nafaka haikusamehewa. Wakulima walilalamika kwamba hawana mashine mbadala ya kukaushia. Aprili 2025 tozo hiyo ikaondolewa kwa watumiaji wa kawaida. Yaani kodi bila mbadala inabaki kuwa gharama tu.

Njia ya ruzuku: India
Mwaka huohuo wa 2019 India ilianzisha mpango wa PM-KUSUM. Kwa pampu ya sola, katika majimbo mengi serikali kuu ilipangiwa kutoa asilimia 30, jimbo asilimia 30, na mkulima kumalizia, tena sehemu aliweza kukopa benki.

Sasa tupige hesabu yako
Hii ni mifano tu, weka bei za kwako. Tuseme pampu ya petroli ni shilingi 500,000 na inakula lita 4 kwa siku, siku 120 kwa msimu. Hizo ni lita 480. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, unachoma 1,440,000 kila msimu. Sola tuseme ni milioni 6. Tofauti ya kununua ni milioni 5.5, na inarudi kwa karibu misimu minne. Ungepata ruzuku ya asilimia 60 kama India, ungelipa milioni 2.4, na tofauti ingerudi kabla ya misimu miwili kuisha.

Ukilima misimu miwili kwa mwaka, hela inarudi mapema zaidi. Ukilima msimu mmoja mfupi tena kwa mkopo wa riba kubwa, sola inaweza kukubana.

Angalizo la maji
Jua halina bili, kwa hiyo ni rahisi kupampu kupita kiasi. Ndiyo maana India, kwenye maeneo ambayo maji ya ardhini yamepungua sana, ilipanga kufadhili tu kubadilisha pampu za dizeli zilizopo, na kwa sharti la umwagiliaji wa kuokoa maji kama wa matone. Kisima kikikauka, sola haikusaidii kitu.

Ushauri wangu: usinunue kwa kutegemea ruzuku uliyoahidiwa tu. Piga hesabu mbili, yenye ruzuku na isiyo nayo. Kama ile ya pili nayo inalipa, nunua.